Chini ya Kenchi

Msumari wa inchi nne hautoki kwa vidole. Huu ulitoka. Asajile alitaka kufuta vumbi tu kwenye kiungo cha mbao, ukamfuata mkononi kama jino la mtoto. Akatazama mlango wa karakana, akaurudisha tunduni, akausukuma kwa kidole gumba.

Nje walikuwa wanafagia uwanja. Wageni kutoka mkoani wangefika kabla ya chakula cha mchana kuamua kama shule itabaki ya ufundi au itageuzwa ya kawaida, karakana iwe madarasa na mashine zipelekwe wanakojua wenyewe.

Watu wa Tukuyu huiita shule hiyo Nyundo. Jina la kwenye bango ni refu na hakuna anayelitumia. Wazazi waliijenga kwa mawe waliyobeba vichwani kutoka Nkunga, na nusu ya mapaa ya Ibighi na Msasani, kata za hapohapo, yamepigiliwa na mikono iliyofunzwa hapo. Nyundo ina desturi yake. Miaka ya mwanzo paa la bwalo lilianguka kwenye mvua ya Aprili. Halikuua mtu, lakini fundi aliyelipaua hakuonekana tena wilayani. Tangu hapo, kidato cha nne wakimaliza kenchi, fremu za mbao zinazobeba paa, kiongozi wa kundi husimama chini yake na wenzake wote hupanda juu. Asiyethubutu kusimama chini ya kazi yake hana haki ya kumlaza mwingine chini yake.

Asajile, kiongozi wa kundi lake, alikwisha kusimama mara moja, mwezi wa nne, chini ya kenchi za bweni jipya la wasichana. Walipanda, wakarukaruka, kenchi hazikulia hata kidogo. Tangu siku ile alitembea shuleni kama jogoo aliyeamsha kijiji kizima. Kenchi za leo zilikuwa mbili, pana kuliko zote zilizowahi kusimamishwa pale, zimeunganishwa kwa papi, mbao nyembamba za kupigilia bati, na kukalishwa juu ya nguzo nne za tofali. Zilikamilika mwezi wa saba. Wageni waliahirisha safari, wakaahirisha tena, na kenchi zikakaa zinangoja.

"Mbona umekauka hivyo?" Lightness aliingia na ngazi begani. Yeye ndiye aliyekuwa apande wa kwanza. "Usiniambie unaogopa. Nitakutafutia nafasi shule ya kawaida, ukahesabu mizani za mashairi."

"Njoo uguse hapa."

Lightness aligusa. Msumari ukacheza. Akagusa wa pili, nao ukacheza. Utani ukamtoka usoni.

"Mwalimu anajua?"

"Bado."

"Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba leo, siku ya leo, kazi yangu imeoza?"

"Kwa hiyo utasimama?"

Asajile aligeukia mlangoni. Honi ilikuwa imeshalia getini.

Wageni waliingia na viatu vinavyong'aa, mkuu wa shule akiwaelekeza kila hatua. Mwalimu Nsajigwa, aliyewafundisha useremala, aliwangoja karibu na nguzo, mikono nyuma. Alikuwa amesoma hapohapo Nyundo, amefundisha hapohapo, na alikuwa hajamwomba mtu chochote tangu azaliwe. Leo alikuwa amevaa koti.

"Waheshimiwa," alisema, "shule nyingine zitawaonyesha vyeti. Sisi tunawaonyesha hiki. Asajile, simama."

Asajile aliziona nyuso za wenzake, zimejaa fahari, na akajua kwamba hatua mbili tu zingetosha. Pengine kenchi zingeshika. Lakini juu angekuwepo Lightness na wenzake tisa, na mkono wake bado uliukumbuka ule msumari.

"Sisimami, mwalimu."

Mtu alicheka nyuma, akakoma.

"Umesemaje?"

"Sisimami. Na asipande mtu."

Mgeni mkubwa alimgeukia mkuu wa shule. "Ndiyo maonyesho yenyewe?"

Shingo ya Mwalimu Nsajigwa ilivimba. Alivua koti, akalitundika kwenye jiliwa la meza ya kazi, akaenda kusimama mwenyewe chini ya kenchi. "Nimesimama chini ya mapaa ya shule hii kabla baba yako hajaoa. Pandeni."

Hakuna aliyepanda. Lightness aliilaza ngazi sakafuni.

Asajile akamsogelea mwalimu wake hadi pua zao zikakaribiana. Akainua mkono na kuuchomoa msumari kwa vidole viwili. Akachomoa mwingine. Akaiweka yote miwili kwenye kiganja cha mzee.

Mwalimu Nsajigwa aliigeuzageuza kiganjani. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Mbao zimesinyaa. Mlizipigilia mbichi."

"Hapana, mwalimu. Tulizikausha."

"Wapi?"

"Darini, juu ya jiko. Kama siku zote."

Tukuyu mvua haikupi ruhusa ya kuanika mbao. Vizazi vyote vya Nyundo vilizilaza juu ya jiko la shule, moshi wa kuni ukazikausha polepole mpaka zikawa nyeusi na ngumu. Mzee aligeuza kichwa kuelekea jikoni. Bomba la moshi lilisimama kimya, safi. Tangu Januari shule ilikuwa inapikia gesi, na yeye mwenyewe aliwapigia makofi walioileta. Wanafunzi waliendelea kulaza mbao darini, juu ya jiko lisilotoa moshi, na hakuna aliyejiuliza.

"Kwa hiyo hata za Aprili," Mwalimu Nsajigwa alisema, akasita. "Kenchi za bweni."

Zile zilishika siku ile kwa sababu zilikuwa mbichi bado. Mbao mbichi huubana msumari. Sasa zilikuwa na miezi sita ya kukauka juu ya vitanda vya wasichana. Asajile alimtazama Lightness, na Lightness alikuwa ameshatoka mbio kuelekea bwenini.

"Nimeona ya kutosha," mgeni mkubwa alisema. "Karakana hii naifunga leo."

"Utaifunga kesho, mheshimiwa," Mwalimu Nsajigwa alimjibu, akikunja mikono ya shati. "Leo nahitaji nguzo za kushikilia paa la bweni. Vijana, bomoeni hizi kenchi. Kila mbao ndefu ipelekwe bwenini."

Mkuu wa shule alisogea kuwapisha.

Wasichana walitoka na magodoro vichwani, wakapita mbele ya gari la wageni. Wingu la mlima Rungwe lilikuwa limekwisha kuteremka, na matone ya kwanza yakaanza kugonga bati. Asajile alipanda ngazi bwenini hadi kwenye kiungo alichokipigilia kwa mkono wake, alichokuwa akiwaonyesha wageni wote wa kijijini kwao. Mzee alikuwa ameishika ngazi chini.

"Sema," mzee alisema.

Asajile aliweka vidole kwenye kichwa cha msumari. Haukungoja hata avute.

"Lete nguzo, mwalimu," alisema. "Na usisimame hapo."

Mwalimu Nsajigwa hakuondoka. Alimpandishia nyundo, akapokea nguzo ya kwanza kutoka mlangoni, akaibana begani mwake chini ya kenchi, na mvua ikashuka yote.