Maziwa Yasiyoonjwa

Itangazwe kwa wakazi wote wa dunia, wakubwa kwa wadogo, walio safarini na walio kitandani, kwamba Ruqayah binti Muzamiru, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni, bingwa wa kutia chumvi katika chai ya viranja, ameacha utundu na kuwa mtu mwema.

Wema huo haukumaliza wiki, na nusura utoe roho ya mtu.

Likizo ile mamake, Saudah, alitoa vitenge vyake Mbarara akaenda kuviuzia Juru, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Ruqayah akaburutwa pamoja na marobota. Ng'ambo ya njia aliishi Viviane, Mkongomani mwenye pacha wadogo, ambaye mume wake alipotelea vitani. Asubuhi moja Ruqayah aliwaona wale pacha wakilamba sufuria tupu. Akajaza maziwa ya mamake kwenye chupa isiyo na kifuniko, akaiziba kwa kipande cha kitenge, akaiweka mlangoni kwa Viviane, kisha akajibanza nyuma ya tangi la maji.

Tusimsifu mapema. Sadaka ya siri ni sadaka. Sadaka ya siri yenye kuchungulia ni sinema. Viviane alitoka, akaiona chupa, akageuza shingo kulia na kushoto kama mtu anayetafutwa na polisi. Ruqayah aling'ata mtandio wake asicheke. Kesho yake akarudia. Hakujua kwamba chupa ya kwanza ilikuwa imemwagwa chooni.

Kulikuwa na jambo ambalo shule yake haikumfundisha. Kule Juru mtu akikupa kinywaji, hukionja yeye kwanza mbele ya macho yako, ndipo nawe unywe. Watu wale walikimbia nchi ambako jirani aliweza kukuua kwa kikombe. Ruqayah aliwahi kuwaona wakifanya hivyo, akadhani ni ulafi tu.

Chupa ya pili ilipatikana na pacha mmoja kabla mama hajaamka, akainywa nusu. Jua lilipopanda mtoto akaanza kutapika.

"Mwanangu anakufa!" Viviane alipiga yowe. "Banamupa sumu! Majirani, banamuua mutoto yangu!"

Watu wakatoka na majembe na fimbo. Na nani alikuwa akipita saa ile juu ya baiskeli, madumu ya maziwa yakining'inia huku na huku? Ndayambaje, Mrundi mchuuzi wa maziwa, akiimba.

"Huyu hapa! Wa maziwa!"

Wakamwangusha. Mmoja akamwekea mdomoni ile chupa iliyobaki nusu. "Onja! Kama ni safi, onja!"

"Si yangu! Maziwa yangu yako kwenye dumu!"

"Onja, muuaji we!"

"Sijui nani kaiweka! Nitakunywaje kitu nisichokijua?"

Masikini, naye aliiogopa chupa ile kama wao. Kukataa kwake kukawa hukumu. Fimbo ya kwanza ilimpata mgongoni. Ya pili aliikinga kwa mkono, na mkono ukalia kama kuni kavu. Jiwe likampasua kipaji cha uso. Madumu yalipinduka, maziwa yakatiririka njiani, yakachanganyika na damu yake hadi ikawa rangi ambayo Ruqayah, aliyekuwa amerudi kuchungulia nyuma ya tangi, hakutaka kuipa jina. Akafumba macho. Sauti za vipigo hazikufumbika.

"Leteni petroli!" mtu akapaza sauti.

Ndipo Saudah alipojipenyeza katikati. Alitaka kuwaomba wamwache, lakini jicho lake likatua kwenye chupa. "Kitenge hiki cha bluu nimekikata juzi kwa mkono wangu," alisema polepole. Halafu kwa nguvu zote: "Ruqayah!"

Ruqayah akatoka. "Ni mimi. Maziwa ni yetu, tuliyanywa sote."

Viviane alimzaba kofi lililomtoa mtandio kichwani. "Kunywa!"

Akanywa. Yalikuwa yamechacha, yana mchanga, naye aliyamaliza yote. Watu wakamzunguka, fimbo mkononi, wakimtazama kama chungu kinachongojewa kuchemka. Akabaki wima. Aliyetapika tena ni yule pacha, safari hii maharage mabichi, mengi, aliyoyaiba shambani kwa watu. Kisha akaomba chakula.

Fimbo zikashuka moja moja. Hakuna aliyesema pole. Walitawanyika wakiangalia chini. Baadaye ilionekana kwamba mmoja wao, haijulikani nani, aliinua baiskeli, akaiegemeza ukutani na kutundika kofia ya Ndayambaje kwenye usukani.

Saudah alikimbia kutafuta gari la kumpeleka zahanati. Ruqayah akapiga magoti, akamfunga mkono kwa mtandio wake.

"Pole, kaka. Nilikuwa chumbani. Niliposikia kelele nikaja mbio."

Ndayambaje alifungua jicho moja, lile ambalo bado lilifunguka.

"Binti, nilipoangushwa nilitazamana na tangi. Niliiona miguu yako."

Ruqayah alitafuta mzaha, maana hakuwahi kuukosa. Haukuja.

"Nilikuwepo tangu fimbo ya kwanza," alisema. "Niliogopa wangenipiga mimi. Nikaona afadhali wewe."