Mlango wa Maji

"Mimi na maji tunaheshimiana," nilimwambia shangazi Kheiria kwenye simu, mvua ilipoanza. "Hata yakinifika kitovuni nitayatania."

Yalinifika magotini tu, na utani wote ukaniyeyukia mdomoni.

Shangazi ni msanifu wa bustani. Kwenye mteremko wetu wa Bawshar, juu ya nyumba ya Bibi Sayyida, alichimba mitaro ya kuukata mteremko, ili mvua isimame, ardhi inywe, mikunazi ishibe. Mwisho wa mtaro wa chini akaacha pengo, maji ya ziada yatokee wadini, kwenye korongo. "Maji yape kitanda," husema, "na mlango yape."

Mimi nikaona kichekesho. Nchi hii kame tunatoka kwenda uwanjani kusali tupate mvua, halafu ikija tuifungulie mlango iondoke? Jumatatu, aliponiachia kumwagilia miche, niliziba pengo kwa mawe na udongo, nikaushindilia kwa mguu, nikaenda zangu kunywa chai ya karak.

Sasa mtaro ulikuwa umejaa, maji ya kahawia yakitetemeka ukingoni. Chini yake ukuta wa Bibi Sayyida. Nyuma ya ukuta Bibi mwenyewe, asiyeinuka kitini bila kushikwa mkono.

Simu ikalia tena. "Humam, mlango uko wazi?"

"Uko wazi, Shangazi."

Nikakimbia. Nikapiga magoti kwenye tope, nikachimba kwa kucha. Jiwe la kwanza halikutikisika. Ukingo ukameguka donge moja, kisha jingine, na nikasikia mtu anasoma Ayatul Kursi, anakosea, anaanza upya. Nilikuwa mimi. Nikalia kama mtoto wa chekechea. Ndipo jiwe likaachia, maji yakanipiga kifuani, yakaondoka na ndara zangu kuelekea wadini.

Shangazi alipofika, mtaro ulikuwa umeshuka na ukuta umesimama.

"Si nlikwambia uko wazi," nikasema, meno yakigongana.

Dirisha la Bibi Sayyida likafunguka.

"Kheiria, mwanangu, mtafutie kanzu kavu, anatetemeka. Kuyatoa mawe yale kumemtoa roho." Akanitazama kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha kuliko maji. "Hata siku ile ya kuyatia alitoka jasho. Nlikuwa nimekaa hapa hapa, nikamhesabia. Kumi na moja."