Damu ya Sikujua

Biashara ya wanyamapori ilipofunguliwa kwa watu binafsi, Leonard alijenga mabanda ya tumbili nje kidogo ya Itigi. Walikamatwa porini, wakapimwa afya, kisha wakapelekwa ng'ambo kwenye maabara za kujaribia dawa. Aliyewalisha ni Antipasi, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, asiye na mtoto.

Siku moja aliletwa jike mdogo ambaye mama yake alifia njiani. Antipasi alimnywesha maziwa kwa kitambaa na kumlaza ndani ya koti lake. Alimwita Sikujua, maana hakujua kama angeiona asubuhi. Aliiona. Akakua, akawa anamng'ang'ania shingoni kila anapofagia banda.

Kisha akaja Yustina, daktari kijana wa mifugo, kupima damu ya tumbili. Alianza na madume makubwa, kisha Sikujua. Majibu ya Sikujua yalimtia wasiwasi. Kipimo kimoja, ambacho hupanda ini likiugua, kilikuwa juu sana.

"Kama ni ini, atawaambukiza wenzake," Leonard alisema. "Mchome sindano ya mwisho."

Antipasi alisimama mlangoni na ndoo ya mahindi mkononi. Yustina alimwona anavyoing'ang'ania ile ndoo.

"Bosi, naomba nipime tena," alisema. "Safari hii nipime na watoto wengine wa tumbili."

Leonard alikubali shingo upande.

"Shikamoo, mzee Antipasi. Nisaidie kuwashika."

"Marahaba, mwanangu. Lakini niambie ukweli. Anaumwa?"

"Bado sijui."

Walifanya kazi pamoja hadi jua likawa kali. Antipasi aliwashika watoto mmoja mmoja, akiwaongelesha kwa Kigogo ili watulie. Majibu yalipotoka, Yustina alimwita, akavuta kiti karibu.

"Watoto wote wako hivyo hivyo. Kipimo hiki hupandishwa na ini, lakini na mifupa inayokua pia. Mimi nilikuwa namlinganisha na madume makubwa. Hata majike makubwa damu yao ni hafifu kidogo kuliko ya madume, na vikongwe nao wana viwango vyao. Kila mmoja alinganishwe na wa rika na jinsia yake."

"Kwa hiyo hana ugonjwa?"

"Hana. Anakua tu."

Antipasi alicheka, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Halafu kicheko kikakatika.

"Mzima ndiye anayesafirishwa kwenda maabara," alisema.

Jioni Yustina alimweleza Leonard mambo yalivyo: watoto, majike na madume wakichanganywa, wanunuzi watapata majibu ya dawa yasiyolingana. Leonard aliwapigia simu wanunuzi. Wao walitaka madume makubwa peke yao.

"Hao wengine wananimalizia mahindi tu," Leonard alisema. "Warudisheni porini."

Usiku ule Antipasi alilala kidogo sana. Sikujua hakuwahi kujitafutia chakula. Asubuhi, kabla ya gari kuondoka, alimwingiza kwenye kizimba cha jike mmoja mzee, mpole, aliyezoea kuwachambua wadogo manyoya. Jike yule alimnusa, akamvuta kifuani.

Walipita barabara ya Mitundu hadi kwenye vichaka vizito. Vizimba vikafunguliwa. Majike na watoto wakatoka wakinyata, kisha wakakimbia. Yule jike mzee alitoka wa mwisho, Sikujua kamng'ang'ania tumboni. Walipofika kwenye miti, Sikujua aligeuza kichwa na kulia mara moja.

"Nenda, mama," Antipasi alisema kwa sauti ndogo. "Nenda na bibi yako."

Wakaingia majanini.

Yustina alijifanya anafunga vizimba, akampa nafasi. Baada ya muda alikwenda kukaa kando yake, wakagawana viazi vitamu alivyobeba.

"Atakua mkubwa," Antipasi alisema.

"Ameshaanza, baba," Yustina alimjibu.