Hali Nzuri, Daktari

Wartini alimwambia mumewe asubuhi, akimwekea chai mezani, kwa sauti ileile anayotumia kusema sukari imekwisha. Idi ikipita, atarudi kwao Wonogiri, kwa mama yake, akae huko. Hakusema kwa nini, na Marwoto hakuuliza. Alishukuru kwa chai, akainywa yote, akaifunika bilauri kwa kifuniko chake na kwenda zake kazini.

Ndivyo tulivyo sisi watu wa karibu na mji wa Solo. Nyumba inaweza kushika moto na mwenye nyumba akamkaribisha mgeni aketi kwanza. Tunauita ustaarabu, na siku nyingi ni ustaarabu kweli. Siku nyingine ni balaa tupu.

Marwoto alijua kwa nini. Miaka mitatu nyuma alikuwa ameugua matumbwitumbwi, ugonjwa wa watoto, yeye mtu mzima mwenye mvi, na wenzake kazini walimcheka mpaka wakashika mbavu. Uvimbe wa mashavuni ulishuka upesi. Ule wa chini ulimliza kwa siku kadhaa, kisha nao ukapoa, akadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa mafuta, vitu vikaanza kufifia ndani yake. Hamu ya mkewe ndiyo iliyotangulia kuondoka. Kisha ikafuata nguvu. Alikuwa mfua shaba, fundi wa zile patu kubwa zinazopigwa kwenye harusi na ngoma za usiku, na katika kazi ile nyundo nne hushuka kwa zamu juu ya shaba moja iliyoiva moto. Anayechelewa huwaharibia wote, na Marwoto alianza kuchelewa. Lakini lililomtisha zaidi ni siku alipofiwa na kaka yake mkubwa. Alisimama makaburini mkavu kabisa, kana kwamba msiba ni wa nyumba ya jirani.

Kitandani aligeukia ukutani. Baadaye akahamia kwenye kochi la sebuleni, akisingizia joto. Wartini hakuuliza kitu. Alikata nywele, akashona blauzi mpya, akaanza kununua jamu kwa mwanamke anayepita na chupa zake asubuhi, ile dawa chungu ya manjano na mizizi ambayo wanawake huinywa ili wapendeze tena machoni pa waume zao. Akaanza pia kufunga Jumatatu na Alhamisi. Marwoto, akiwa amejifunika shuka pale kwenye kochi, alimsikia akila daku peke yake jikoni, na alijua vizuri sana anamwomba Mungu nini.

Hapo ndipo angefungua mdomo. Tayari alikuwa amesoma kwenye simu, kwa kujificha kama mwizi, kwamba ugonjwa ule ukimpata mtu mzima unaweza kuharibu mahali mwili unapotengenezea homoni ya kiume, na kwamba ipo sindano ya kuirudishia. Angesema maneno machache tu. Lakini mwanamume ataanzaje kutamka kitu kama kile mbele ya mkewe? Akanyamaza, akamwacha aamini kwamba kosa ni sura yake.

Sasa Idi ilikuwa inakuja. Akaamua atafute daktari wa kumwandikia sindano hiyo, apone kimyakimya, na mkewe asiwe na sababu ya kuondoka.

Alianzia kituo cha afya cha hapo kijijini. Daktari alikuwa binti wa rika la Ratri, mtoto wao anayefanya kazi Batam. Akamuuliza kwa upole, "Baba, unasumbuliwa na nini?"

"Hali nzuri, Daktari, kwa dua zako," alijibu Marwoto.

Binti akacheka, akauliza kama hali ni nzuri yeye amefuata nini pale. Marwoto akatoa jasho. Mwishowe akasema upepo umemwingia mwilini, maradhi ambayo kila mtu wa kwetu huyataja asipotaka kutaja yake. Akapewa vidonge vya mafua. Alivipokea kwa mikono miwili.

Wa pili alikuwa na kliniki yake mjini, mwanamume wa makamo. Safari hii Marwoto alikuwa amejifunza maneno yake njia nzima, akayasema yote kwa pumzi moja, akiangalia sakafu. Daktari yule hakuangalia sakafu. Aliangalia mikono yake, mikono ya mfua shaba, minene kama magogo, na akatabasamu upande mmoja.

"Wanyanyua vyuma wamekutuma, eh? Au ni wewe mwenyewe unautafuta ujana? Nenda kasali, mzee. Dawa hizi si za kuchezea."

Hata damu hakumpima. Na Marwoto, jamani, alimwomba radhi kwa kumpotezea wakati.

Wa tatu alimpata Solo, Ramadhani ikiwa imeshaanza. Daktari Hendarto alikuwa bingwa wa mambo ya homoni, mzee mwenye miwani mizito na maneno machache. Alimpima mwili, akamtoa damu asubuhi moja, na wiki iliyofuata akamtoa tena. Kisha akamwambia ukweli wake. Homoni ipo chini, lakini imesimama mpakani. Akiitazama damu peke yake, anaweza kuandika sindano au asiandike. Na dawa hiyo ukiianza ni safari ndefu, ina madhara yake, hawezi kumpa mtu kwa kubahatisha.

"Nataka kumsikia anayeishi nawe," alisema. "Njoo na mkeo."

Marwoto alirudi nyumbani na kumwambia Wartini kwamba daktari anayemtibu uchovu anataka kumwona. Basi. Zaidi ya hapo hakumwambia kitu, na wala Wartini hakuuliza. Siku ilipofika alivaa ushungi wake wa harusini, akaketi kwenye kiti cha pembeni mwa daktari, magoti pamoja.

"Mama, nyumbani vipi?" aliuliza Daktari Hendarto. "Mzee yukoje? Usione haya, sema tu."

"Hali nzuri, Daktari. Ni mume mwema. Sina la kulalamika."

"Hata yale ya mume na mke?"

Wartini aliinama zaidi. "Alhamdulillahi, Daktari. Tunaishi vizuri."

Mwanamke yule alikuwa ameshakunja nguo zake na kuziweka kwenye begi chini ya kitanda. Miaka yote ile ya kulala peke yake aliimeza pale pale, mbele ya mgeni mwenye cheo, ili mumewe asiaibike. Daktari aliweka kalamu chini. Akasema basi, hakuna haja ya kukimbilia sindano, watarudia kupima damu baada ya miezi sita, na kwa sasa mzee ale vizuri na alale mapema.

Marwoto alimtazama mkewe. Alikuwa anakunja ncha ya ushungi, anaikunjua, anaikunja tena. Akamhurumia. Akajiona mnyonge kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Daktari," alisema, "mke wangu ananisitiri. Hatulali chumba kimoja. Simgusi. Siwezi, na hata kutaka sitaki, na yeye hana kosa lolote. Idi ikipita ananiacha. Yale matumbwitumbwi ndiyo yaliyonimaliza. Nilijua, nikamwacha ajilaumu mwenyewe."

Maneno yote aliyokuwa anadaiwa na mkewe alimlipa daktari. Daktari Hendarto alimtazama Wartini, na Wartini hakukanusha. Kalamu ikachukuliwa tena.

Walikaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa, wakisubiri jina liitwe. Kulikuwa na watu kila upande, kwa hiyo Wartini alisema kwa sauti ya chini, akiangalia mbele.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na mimi nakunywa madawa machungu ya kunirembesha."

"Nilikuwa nakuona."

"Ulikuwa unaniona. Ungeniambia ningekuuguza, Baba Ratri. Ningekuuguza mpaka tuzeeke."

Jina likaitwa. Marwoto akasimama kwenda dirishani.

Asubuhi ya Idi, kwetu, wadogo huwapigia magoti wakubwa, na mke humpigia mumewe, kuombana msamaha wa makosa ya nje na ya moyoni. Ratri alikuwa amekuja kutoka Batam. Alimwandalia baba yake kiti kama kila mwaka. Marwoto hakukikalia. Kabla Wartini hajainama, alishuka yeye sakafuni, akaweka paji la uso wake juu ya magoti ya mkewe. Ratri akageuka kutazama dirishani. Wartini aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha mumewe, akamsamehe, ya nje na ya moyoni, na alikuwa anasema kweli.

Marwoto alidhani aliyesamehewa hubaki na mkewe. Sikukuu zilipokwisha Wartini alivuta begi chini ya kitanda. Mlangoni alimkumbusha tarehe ya sindano, asiiruke, kisha Ratri akambebea mzigo mpaka kituo cha basi.

Dawa ilifanya kazi. Kufikia Mfunguo Tatu nyundo yake ilikuwa inashuka kwa wakati wake, na wenzake wakaacha kumsubiri. Usingizi ulirudi. Asubuhi moja alikuwa anatafuta sukari kabatini akakuta chupa ya jamu ambayo Wartini hakuimaliza. Akaifungua, akanusa manjano, na papo hapo akamtaka mkewe, mwili mzima, kama alivyomtaka ujanani. Akakaa chini hapo jikoni, akalia. Alimlilia Wartini, na akamlilia na kaka yake, ambaye alikuwa hajamlilia bado.

Alipotulia alipiga simu Wonogiri.

"Baba Ratri," alisema Wartini. "Hali yako?"

Lile jibu la hali nzuri, kwa dua zako, lilikuwa tayari limeshafika mdomoni.

"Mbaya," alisema Marwoto. "Hali yangu mbaya sana."

Wartini alipojibu hakuwa na hasira.

"Hilo ndilo jibu nililokuwa nalingoja. Nililingoja miaka, Baba Ratri, mpaka nikachoka."

Kisha mama yake akamwita kutoka uani, na Wartini akasema inabidi aende.