Shamba la Maharage la Ernesta

Goti nililochora lilifanana na kiazi, kwa hiyo nililifuta nikaanza upya. Katika mchezo wangu wa simu kila neno la Kijapani lina picha yake, na ni mche wa maharage. Ukipatia, mche unakua. Ukipatia tena na tena, unavunwa na kuingia ghalani, na neno hilo halirudi kukusumbua. Ukikosea, mche unanyauka. Kutengeneza programu nimejifunza mwenyewe, kwenye meza hii hii ninapotengenezea simu za watu hapa Kasulu mjini, na lile ghala ndilo nililojivunia zaidi.

Ernesta aliingia na bibi yake, Epifania, wakazi wa Titye. Bibi alikuwa ametoka hospitali kuonesha goti lake. Ernesta alitaka nimwekee maneno mapya, kwa sababu Ijumaa angefanyiwa usaili kwa video na chuo cha Japani kinachofundisha kuhudumia wazee. Akifaulu, anasafiri. Akishindwa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nilifungua mchezo kwenye simu yake. Ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni. Hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kufika hapo.

"Dada, umevuna karibu kila kitu," nikasema. "Ijumaa unakwenda kuwasalimia tu."

"Tunajitahidi, kaka Nurudini."

Nikageuza kompyuta nimwoneshe lile goti jipya. "Hili wanaliitaje?"

Akaliangalia, akatabasamu, kisha akainamisha uso. Nikadhani mchoro wangu bado ni kiazi. Nikafungua picha ya dawa, kisha ya blanketi. Akatikisa kichwa.

"Hiza," ikasema sauti kutoka kwenye benchi.

Tuligeuka wote wawili. Bibi Epifania alikuwa anasugua goti lake.

"Goti ni hiza. Kiuno ni koshi. Dawa ni kusuri. Sasa mbona mmenikodolea macho?"

Bibi huyu hata Kiswahili anakizungumza kwa kukichanganya na Kiha.

"Bibi, nani amekufundisha?"

"Huyo mwanamke anayetamka maneno ndani ya simu. Mimi nacheza maneno ya mwili, maana wote unaniuma. Baba yake Ernesta anacheza ya vyakula na vyombo. Wadogo zake wanagombania wanyama."

"Na Ernesta?"

"Ernesta anapika," bibi akajibu. "Akimaliza anacheza yaliyobaki."

Niliutengeneza mchezo ukiamini kwamba simu moja ina mtu mmoja. Kila neno ambalo bibi alilivuna, mchezo ulimficha Ernesta, ukidhani ameshalijua. Kadiri nyumba nzima ilivyomsaidia, ndivyo alivyobaki mikono mitupu.

"Nilipoona ghala linajaa nikajua nakwenda vizuri," Ernesta akasema taratibu. "Ulichora shamba, kaka. Sisi nyumbani tunavuna wote. Ningewazuiaje?"

Sikuwa na la kumlaumu. Na mimi nimekulia kwenye nyumba ya simu moja, Busunzu, na bado sikuliwaza hilo hata siku moja. Nilikaa nikiliangalia ghala lile kama mtu aliyeona nyumba yake imejengwa bila mlango.

"Nitalazimika kulimwaga," nikasema.

"Maharage yangu usiyaguse," bibi akasema. "Mmwagie yeye ya kwake."

Ernesta akacheka, na machozi yakamtoka humo humo kwenye kicheko.

Maneno ya bibi ndiyo yaliyonionesha pa kuanzia. Nikafuta ukurasa wa kwanza wa mchezo nikaweka milango, kila mmoja na sura ya mtu: unachagua sura yako, unaingia kwenye shamba lako. Nikaanza na ya bibi kwa sababu alikuwa mbele yangu, pamoja na kilemba chake. Akasema pua nimeizidisha. Nikampa Ernesta shamba lake, udongo mtupu, ghala tupu.

Umeme ulikatika nikiwa bado kwenye sura ya baba yake. Milango ilikuwa haijafunguka hata mmoja.

"Kesho bibi anarudi hospitali kuchukua majibu," Ernesta akasema, akimshika mkono. "Leo tunalala kwa shangazi hapa hapa mjini. Tutapita asubuhi."

"Asubuhi nitaendelea na milango," nikamwambia.

Wakaondoka polepole, kwa ajili ya lile goti. Nilikuwa nafunika kompyuta kwa kanga nilipomsikia bibi barabarani.

"Haya, hiki ninachokanyagia ni nini?"

"Sijui, bibi."

"Ashi. Sema."

"Ashi."

"Tena."