Ufa wa Darasa la Tatu

Saa nne asubuhi ufa wa darasa la tatu ulipanda ngazi za ofisi ya ukaguzi wa majengo, ukaingia kwenye foleni nyuma ya fundi bomba aliyefuata kibali. Ulikuwa na urefu wa mita mbili na ulitambaa ukutani polepole, kama mtu mwenye goti bovu. Mlinzi aliuandika kwenye daftari la wageni. Tangu tetemeko dogo la mwezi uliopita nyufa zilikuwa zikija zenyewe. Kule ufa ulikotoka ukuta ulibaki laini, ila udhaifu haukwenda popote.

Mpimaji wa ofisi hiyo aliutambua. Darasa hilo lilifundishwa na dada yake, watoto arobaini na wawili. Aliupiga picha, akaiunganisha na picha ya shule, akaiingiza kwenye kompyuta iliyofundishwa kutambua majengo yatakayoanguka ardhi ikitikisika. Kompyuta ilijibu kijani, yaani salama.

Haikuwa na kosa. Wakati wa kuifundisha, mkurugenzi aliagiza majengo yote ya umma yapewe kijani, maana nyekundu ingemlazimu kuyafunga. Mpimaji alizipanga picha elfu sita kwa mkono wake mwenyewe. Kompyuta ikatafuta majengo hayo yanafanana kwa lipi, ikaona mlingoti wa bendera.

Alikata mlingoti kwenye picha. Kompyuta ikajibu nyekundu. Akaipeleka kwa mkurugenzi, ufa ukimfuata.

“Hii picha umeikata,” mkurugenzi alisema.

“Nimeondoa mlingoti tu, mkuu.”

“Sasa shule bila mlingoti ni shule gani?”

Akatia sahihi karatasi ya kijani, akamsogezea mpimaji naye atie yake. Ufa ulisubiri kidogo, kisha ukajinyoosha ukutani nyuma ya kiti chake. Mkurugenzi akaagiza utundikiwe kalenda.

Jioni mpimaji alimpigia dada yake. Alikuwa na hofu, lakini hofu yenyewe ilikuwa imekufa ganzi, akaisema kama anayesoma namba ya simu.

“Dada, kesho usiende kazini. Ule ukuta utaanguka.”

“Mdogo wangu, karatasi yenu ya kijani imebandikwa mlangoni. Sahihi yako ipo.”

“Najua.”

“Halafu ufa wenyewe umeondoka. Mwalimu mkuu anawashukuru sana.” Alisikika akifunga kabati. “Ukuta umekuwa mzuri kweli. Wale wadogo nimewahamishia upande huo.”

Mpimaji alimuuliza kama amekula. Dada akasema ameshakula.