Kistari Kimoja

Simu ya mapokezi ilianza kulia saa mbili na dakika kumi asubuhi. Ilipofika saa mbili na nusu zilikuwa zinalia zote tatu, na mhudumu alikuwa anajibu moja huku nyingine kaibana begani.

Sindano alizisikia kutoka chumba cha kompyuta, chumba chembamba mwisho wa korido kilichokuwa zamani stoo ya mashuka. Jina hilo alipewa shuleni kwa wembamba wake, na alipoajiriwa hospitalini kuandika programu, utani ukanoga: wauguzi walisema ndiye sindano pekee mle ndani isiyochoma mtu. Asubuhi hiyo alikuwa amechoma watu mia tatu na kumi na sita kwa mkupuo, ila alikuwa hajajua.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa karani wa kumbukumbu, mzee aliyekula chumvi nyingi katika ofisi ile, mchapaji wa vidole viwili, polepole lakini kwa uangalifu. Uso ulikuwa umemsawijika.

"Dada, hebu njoo uone. Nadhani nimeharibu."

"Umeharibu nini, mzee?"

"Ningekuwa najua ningekuja kwako?"

Kwenye meza ya karani dirisha jeusi lilikuwa bado wazi. Programu ya kuwaita wagonjwa haikuwa na vitufe wala picha. Ulichapa jina lake, kisha maneno ya kuielekeza, na kila agizo likitanguliwa na vistari viwili: kliniki ipi, ujumbe upi, na kama ni jaribio tu. Ukiiambia ni jaribio, ilikuonyesha orodha ya watakaoandikiwa, isitume kitu. Karani alikuwa amechapa hivi:

ita --kliniki uvimbe --ujumbe njoo-leo -jaribio

Sindano aliusoma mstari ule mara mbili. Mara ya pili akaliona kosa. Neno la mwisho lilikuwa na kistari kimoja.

"Haikukulalamikia?"

"Iliniambia imekamilika, mia tatu na kumi na sita. Nikafurahi."

Hakuwa na haja ya kufungua programu kujua kilichotokea, maana aliiandika kwa mkono wake. Ilikuwa inasoma maneno moja baada ya jingine. Neno inalolijua, inalitii. Isilolijua, inalipita kimya na kuendelea na safari. Aliiandika kwa siku mbili mwaka uliopita, daktari mkuu akimharakisha kila saa, na pembeni ya kipande hicho alijiachia maelezo: nirudi hapa. Hakurudi.

Kwa hiyo watu wote waliopimwa uvimbe na kungoja majibu walikuwa wameamka na meseji moja: "Majibu yako yametoka. Fika hospitali leo kabla ya saa sita bila kukosa." Majibu ya wengi wao yalikuwa bado maabara.

"Mzee, andika namba ya kila anayepiga," alisema, na tayari alikuwa mlangoni.

Alirudi chumbani kwake akaandika ujumbe wa kuomba radhi. Akaufuta. Akaandika mwingine. Kukaa hakukukalika, alichapa akiwa amesimama, kiti amekisukuma kwa goti. Kabla ya kuutuma aliagiza jaribio, akihesabu vistari kwa ncha ya kidole, ili aione orodha kwanza. Majina yakateremka kwenye kioo. Karibu na mwisho akaliona jina aliloliandika miaka yote kwenye fomu za shule, penye nafasi ya mlezi.

Shangazi yake. Yule aliyemlea tangu ana miaka sita.

Akapiga simu. Haikupokelewa. Akapiga tena akizunguka meza, akapiga mara ya tatu akiwa dirishani. Kisha akakumbuka ujumbe wa radhi, akautuma, na mikono ikakosa pa kukaa.

Daktari mkuu alimkuta hivyo, na karani nyuma yake.

"Ua mzima umejaa watu," alisema daktari. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mzee, si nilikuambia ukague kabla ya kubonyeza?"

"Uliniambia, daktari."

Karani aliinamisha kichwa. Sindano alimwangalia, na kwa pumzi moja, mbili, alinyamaza. Alijisikia akinyamaza. Kisha akapiga moyo konde.

"Kosa ni langu, daktari. Mzee aliandika neno vibaya kidogo. Programu ilipaswa kumkatalia, kumwambia neno hili silijui. Mimi niliifundisha kunyamaza."

"Ulijua?"

"Nilijua tangu mwaka jana."

"Basi teremka ukawaambie wewe mwenyewe," alisema daktari. " Mmoja mmoja."

Akateremka. Aliwaendea watu waliokaa kwenye mabenchi, kwenye ngazi, wengine wamesimama wakishika simu zao kama tiketi. Mwanamume mmoja alimtukana. Mama mmoja alicheka, halafu akalia, halafu akacheka tena. Wachache, ambao majibu yao yalikuwa yametoka kweli, muuguzi aliwaita ndani. Na kwenye benchi la mwisho, amevaa gauni lake la kutokea na pochi mapajani, alikaa shangazi.

"Eh, nimekamatika," alisema. "Nilikuwa nimepanga nipite mlango wa nyuma usinione, hata simu nikaizima."

"Tangu lini, shangazi?"

"Miezi miwili. Ni kidogo tu, kama punje ya mahindi, hapa kwenye titi. Usinitolee macho."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungetulia? Wewe ukipata wasiwasi unazunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikasema ngoja nipate majibu kwanza. Sasa yametoka. Twende."

"Hayajatoka. Meseji imekwenda kimakosa. Programu niliyoandika mimi ndiyo iliyotuma."

Shangazi aliitazama simu yake, kisha akamtazama yeye.

"Yaani ni wewe uliyeniandikia 'bila kukosa'?"

"Ni mimi. Nisamehe, shangazi."

"Nimepanda ngazi zile nikijiambia naenda kuambiwa nimekwisha." Alifunga pochi kwa kishindo. "Nitakusamehe. Ila kwanza nikasirike kidogo."

Alikasirika hadi saa saba, akiwa amekaa kwenye chumba cha Sindano, huku Sindano akiandika upya kipande kile. Tangu hapo programu ilikataa neno lolote isilolijua, ikalitaja neno lenyewe na kusimama bila kutuma kitu. Karani akaitwa kuijaribu. Aliandika kila upuuzi aliouweza, mpaka "--mjomba", nayo ikamjibu kwamba haimtambui mjomba. Akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Majibu ya kweli yalitakiwa Alhamisi. Siku mbili hizo Sindano hakuwa na raha. Alipita maabara mara tano kwa visingizio, hadi mtaalamu wa kule akamwambia vipimo haviivi kwa kuchunguliwa.

Alhamisi waliingia pamoja kwa daktari. Uvimbe ulikuwa mbaya, daktari akasema, lakini ulikuwa haujasambaa. Wataukata wiki ijayo, halafu dawa kwa miezi kadhaa. Shangazi aliuliza maswali matatu, yote ya mkono wa upande wa titi lile: ataweza kufua, ataweza kushona, ataweza kubeba ndoo. Akajibiwa ndiyo, baada ya muda.

Nje kwenye korido walisimama wamebanana ukutani kupisha kitanda cha magurudumu.

"Sasa tuanze kumwambia nani?" Sindano aliuliza.

"Baba yako. Hapana, huyo atapiga kelele. Mwambie mke wake, yeye atajua namna ya kumwambia." Shangazi alimshika kiwiko. "Tena piga simu. Usimtumie mtu meseji."